Kaseti Zilizorudi Maniema: Remmy Ongala na Albamu za Mwisho za Super Matimila

Watu wa Dar es Salaam humwita Remmy Ongala mtu wao, na wana haki. Walimpa jukwaa, walimpa jina la Dakta, na kule Sinza wakampa hata kituo cha daladala, Sinza Kwa Remmy. Waingereza nao wana fungu lao, maana albamu zake zilizouzwa duniani zilitengenezwa kwao. Sisi wa Maniema, mashariki ya Kongo, tumekaa kimya mno katika mazungumzo hayo. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mji mkuu wa jimbo letu, mwaka 1947. Kiswahili alichokwenda kuwaimbia Watanzania hakukiokota bandarini. Alitoka nacho huku, nchi ya mto Lualaba.

Mimi ni mtu wa Nyangwe, mwalimu wa historia niliyestaafu Kasongo. Darasani niliwaeleza watoto wa Wagenia, Wakusu na Wazimba kwamba kijiji hiki chenye miembe mizee kiliandikwa kwenye ramani za Ulaya kabla Leopoldville, Kinshasa ya leo, haijajengwa. Nje ya darasa nilikuwa mtu wa kaseti. Kwa hiyo mambo haya mawili, barabara ya zamani na muziki wa magitaa, yamekaa katika kichwa kimoja muda mrefu, na nimefika mahali sioni tena mpaka kati yake.

Nataka kusema juu ya mwisho wa bendi moja, Orchestra Super Matimila. Wakusanyaji wa santuri wanapojadili mwisho wa bendi, hutazama rafu: albamu gani ilitoka mwisho, mwaka gani, kwa kampuni gani. Kwa Super Matimila rafu inajibu haraka. Mwaka 1992 ilitoka Mambo, kwa kampuni ya Real World. Mwaka 1995 ikaja Sema, katika mfululizo wa WOMAD Select. Baada ya hapo rafu ya nje haina cha kuongeza. Lakini rafu haikuambii ni nani aliyekuwa akiimbiwa, na mtu aliyekulia kwenye barabara ya Nyangwe hawezi kuacha kuuliza swali hilo.

Wageni wanaokuja Nyangwe leo hupata shida kuamini. Soko letu lilikuwa la wanawake. Wagenia walileta samaki kwa mitumbwi, wa bara walileta mihogo, mawese, chumvi na vyungu, na siku ya soko ukingo wa mto ulijaa watu kwa maelfu. Livingstone alifika hapa mwishoni mwa Machi 1871 akitafuta mtumbwi wa kumshusha mto, akazungushwa miezi mitatu na ushei. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliwaona kwa macho yake watu wa msafara wa pwani wakifyatua bunduki katikati ya soko. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa maji, kuwa kati ya 330 na 400. Msafiri Mwingereza Cameron alipita mwaka 1874. Stanley akaja mwaka 1876 na kuondoka Novemba akisindikizwa na mfanyabiashara Tippu Tip. Machi 1893 jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis likauteka mji, na mwezi uliofuata likaingia Kasongo. Kasongo ikawa mji wa serikali. Nyangwe ikabaki na miembe.

Hesabu ya barabara ya misafara, iliyopita Nyangwe kwenda pwani, naijua kwa kuwa niliifundisha kila mwaka. Vilivyotoka kwetu: pembe za ndovu na watu. Vilivyoingia: vitambaa vya merikani, shanga, baruti, mpunga, dini ya Kiislamu na Kiswahili. Pembe ikishafika Zanzibar ilipata bei, ikifika London ilipata bei nyingine, na mtu aliyeibeba hakuulizwa neno katika bei yoyote kati ya hizo. Watu waliochukuliwa hawakurudi. Walibaki Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Dar es Salaam, na huko wote wakaitwa Wamanyema, wawe walikuwa Wabangubangu wa Kabambare au watu wa mtoni. Dar es Salaam kuna msikiti wa Manyema hadi leo. Maana yake ni kwamba Remmy aliposhuka Dar es Salaam alikuta watu wa kwao wameshatangulia kwa miaka mia.

Kwa nini mwanamuziki wa Maniema aende mashariki wakati nchi yake ilikuwa na Kinshasa, mji uliokuwa ukisikilizwa na Afrika nzima? Jibu la kwanza ni ramani. Kutoka Kindu kwenda Kinshasa hakuna barabara ya kuaminika. Kuna mto, maporomoko, reli, mto tena. Reli yetu inaelekea kusini, Kongolo na Kabalo, na kutoka Kabalo tawi moja linakwenda ziwani Kalemie tangu mwaka 1915. Ukivuka Tanganyika unakuta Kigoma, na Kigoma imeunganishwa kwa reli na Dar es Salaam tangu 1914. Wabelgiji na Wajerumani walitandika vyuma, lakini mwelekeo ulikuwa uleule wa wapagazi.

Jibu la pili ni lugha. Studio za Kinshasa ziliimba Lingala, na Lingala kwetu, siku za Mobutu, ilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Tulimpenda Franco, tulimpenda Dokta Nico, tulicheza mpaka vumbi likapanda. Lakini wengi wetu tulikuwa tukiitikia maneno tusiyoyashika vizuri. Mtu wa mashariki aliyetaka kuimba Kiswahili na kulipwa kwa ajili hiyo alikuwa na miji miwili tu mbele yake, Nairobi na Dar es Salaam. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 walitoka wengi: Maquis kutoka upande wa Katanga, Baba Gaston, Super Mazembe, Ndala Kasheba, King Kiki. Nchi ilikuwa Zaire kwa jina jipya, bei ya shaba imeanguka, mafundi wanauza vyombo wapate kula. Mpiga gitaa alibeba gitaa lake kama fundi mwingine anavyobeba randa yake.

Maisha ya Remmy kabla ya Dar es Salaam aliyasimulia mwenyewe mara nyingi. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akamwambia safari hii asizalie hospitali, azalie msituni. Mtoto akatoka na meno mawili ya mbele. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo hachukuliwi kuwa wa kawaida. Nywele zake haziguswi ovyo, na watu husubiri kuona atakuwa mganga wa nini. Familia ilihamia Kisangani, baba yake, ambaye ndiye aliyemwonyesha muziki, akafa mapema, kisha mama, na kijana akabaki na ngoma na gitaa. Alipitia bendi ndogo za mashariki ya Kongo na kuzunguka Uganda na Kenya. Mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake Mzee Makassy. Hapo ndipo alipotunga Siku ya Kufa, na wasikilizaji wakagundua kwamba huyu anaimba mambo ambayo wengine huyaacha msibani.

Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki. Akajiunga na Super Matimila, na baada ya muda mfupi bendi ikawa yake kwa kila hali ila karatasi, maana vyombo vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Jambo hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu ndilo lililoendesha muziki wa dansi wa Tanzania wakati ule. Gitaa la umeme, ampu, seti ya ngoma, vyote vilitoka nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwapo. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Umoja wa wafanyakazi ulikuwa na yake, NUTA Jazz, baadaye JUWATA. Polisi walikuwa na yao, jeshi yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki chake. Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam lilikuwa na Mlimani Park, na shirika la bima lilikuwa na Bima Lee. Wanamuziki hao walikuwa waajiriwa wenye mshahara, wanaimba sera siku ya sherehe na mapenzi siku ya Jumamosi. Super Matimila haikuwa na shirika nyuma yake. Ilikula kwa mlango: watu wakija, wanalipwa, mvua ikinyesha, wanalala njaa.

Naamini hapo ndipo ulipotoka ukali wa Remmy. Aliimba juu ya mnyonge kwa kuwa mnyonge ndiye aliyemlipia kiingilio. Aliimba juu ya kifo, umaskini, ubaguzi wa rangi, mtu anayetaka vyote. Muziki wake aliuita wa ubongo, na watu wakauita ubongo beat. Magitaa matatu yaliyosukana, besi inayotembea taratibu, tumba, saksofoni, na juu yake sauti ya mtu anayeongea nusu na kuimba nusu, kama mzee anayekata kesi barazani. Sebene, ile sehemu ya kucheza, lilikuwapo, lakini lilisubiri mpaka kesi iishe.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, katika studio ya serikali, maikrofoni chache, wote wakipiga pamoja, na wimbo uliokubaliwa ukahifadhiwa kwenye utepe na kurushwa hewani. Malipo yalikuwa kidogo. Aliyetaka santuri ya kushika mkononi alivuka kwenda Nairobi, na kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983 hata mpaka huo ulifungwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya Super Matimila haikuwahi kuwa albamu. Ilikuwa mawimbi.

Mawimbi hayo ndiyo yaliyofika Nyangwe. Usiku, redio ya mkulima ikiwa na betri nzima, Radio Tanzania ilisikika Maniema kuliko sauti ya Kinshasa. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata nguvu za nyimbo mbili tatu zaidi. Mwenye redio yenye kaseti alikaa tayari na kidole juu ya kitufe chekundu, akimwomba mtangazaji asiongee juu ya gitaa la mwanzo. Wengine tulipata kwa wafanyabiashara waliokwenda Kigoma na Uvira kuuza dhahabu na samaki wakavu, wakarudi na kanga, sabuni, dawa na kaseti. Zilipita Fizi, zikapita Kabambare, kwa lori palipokuwa na barabara na kwa baiskeli palipokuwa na matope. Kaseti moja ilizaa nyingine, na hiyo ikazaa nyingine, mpaka kufika kwetu besi ilikuwa imebaki kama kumbukumbu ya besi. Maneno yalibaki. Na kwa Remmy maneno ndiyo yaliyokuwa mzigo wenyewe.

Tulimsikia kuwa wetu tangu mstari wa kwanza. Mtu wa Tanga au wa Unguja angesema Kiswahili chake kina lafudhi ya Kikongo. Sisi hatukusikia lafudhi yoyote, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili. Katika msiba wa Kikusu niliwahi kuona wazee wakiamuru kaseti ya wimbo wake Kifo ipigwe baada ya kasida, jambo ambalo wasingelikubali kwa bendi nyingine yoyote ya dansi. Nilipouliza baadaye, nilijibiwa kwamba yule hachezeshi watu, anawafundisha.

Sasa tuje kwenye Ulaya, na kwenye muziki wa roki, kwa kuwa bila roki tusingekuwa na hizo albamu za mwisho za kuzungumzia. Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis ya Uingereza, alianzisha pamoja na wenzake tamasha la WOMAD. Tamasha la kwanza lilifanyika Shepton Mallet mwaka 1982, likapata sifa na hasara kwa pamoja. Deni lilikuwa kubwa kiasi kwamba Genesis, ambao Gabriel alikuwa amewaacha miaka saba kabla, walikubali kurudiana naye kwa onyesho moja, Oktoba mwaka huohuo, kusudi mapato yalipe madeni. Roki ililipa, tamasha likaishi. Mwaka 1987 wafanyabiashara wa santuri wakakutana London na kukubaliana kuweka muziki wa nchi zetu zote kwenye rafu moja, chini ya jina moja la muziki wa dunia. Mtu wa Kindu, mtu wa Bamako na mtu wa Karachi wakawa majirani dukani ingawa hawakuwahi kusikia majina ya wenzao.

Kaseti ya Super Matimila ilifika WOMAD mkononi mwa rafiki Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Mwaka 1988 bendi ikaitwa kuzunguka na tamasha, na mwaka huo ikatoka Nalilia Mwana, mkusanyo wa kazi zilizokwisha kurekodiwa. Mwaka 1989 wakaingia studio za Real World, ambazo Gabriel alizijenga katika kinu cha zamani cha maji kijijini Box, mkoa wa Wiltshire, wakatoka na Songs for the Poor Man. Hiyo ndiyo albamu ambayo wengi huianza na wengi huiishia. Ndani yake kuna Karola, kuna Kipenda Roho, kuna Muziki Asili Yake Wapi. Magitaa yanasikika moja moja, besi imerudi. Mimi niliyeizoea besi ya kaseti ya nne nilihisi mtu amefungua dirisha.

Halafu ikaja Mambo, mwaka 1992. Hapa ndipo nilipo na maneno. Kampuni ilitaka kumfikisha Remmy kwa watu wengi zaidi, naye alitaka kufika. Baadhi ya nyimbo zikaimbwa Kiingereza: One World, No Money, No Life. Sauti ni safi, bendi imejipanga, hakuna anayekosea. Lakini mtu aliyekuwa akikata kesi barazani sasa anakata kesi kwa lugha aliyoiazima, na kesi inafupishwa. Katika Kiswahili Remmy alizunguka neno, akalirudia kwa upande mwingine, akaingiza methali, akamtaja shemeji, akakemea, akacheka. Katika Kiingereza anabaki na kichwa cha habari. Msikilizaji wa Bristol alishukuru kuelewa. Kile alichoelewa kilikuwa kidogo kuliko alichokuwa akikipata zamani bila kuelewa.

Na katika albamu hiyohiyo kuna wimbo wa Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, ambaye jina lake mtaani Dar es Salaam lilitosha kuwasha mabishano usiku kucha. Mnunuzi wa Ulaya angehitaji mwalimu wa kumweleza huyo ni nani. Nauheshimu wimbo huo kwa sababu hiyo. Ni kana kwamba Remmy, akiwa kijijini Box, alichungulia juu ya bega la fundi wa sauti akawasalimia watu wa mtaa wa Manzese, Dar es Salaam.

Huku kwetu mwaka huo hakuna aliyeinunua Mambo. Septemba 1991 askari walikuwa wamepora miji, na mwisho wa 1992 serikali ilichapa noti ya zaire milioni tano ambayo wafanyabiashara waliikataa. CD ilikuwa kitu ambacho tungekitumia kufukuzia ndege shambani. Tulichokuwa nacho ni kaseti nyingine kabisa ya Remmy, ya wimbo ambao haukuwa kwenye albamu hiyo: Mambo kwa Soksi. Aliutoa mapema katika miaka hiyo ya 1990, kuwahimiza watu watumie kondomu kwa ajili ya UKIMWI, bila kuzungusha maneno. Radio Tanzania ikakataa kuurusha. Basi ukaenda kwa miguu yake. Ulivuka ziwa, ukapita Kabambare, na nilisikia vijana wakiuimba kivukoni na mapadri na mashehe wakiukemea kwa sauti moja, jambo la nadra Kasongo. Wakati uleule mtu mmoja alikuwa na kazi mbili: moja imepakwa rangi kwa ajili ya rafu ya London, nyingine imepigwa marufuku na inatembea kwa magendo. Mwanahistoria akiulizwa ipi ilikuwa na nguvu, hana haja ya kufikiri sana.

Sema, ya mwaka 1995, watu wengi hawaijui. WOMAD Select ulikuwa mfululizo wa gharama ndogo, wenye nia ya kuinasa bendi jinsi ilivyo jukwaani, bila kuipamba. Ndiyo albamu ya mwisho ya Super Matimila kutoka huko, na kwangu inafaa kuwa ya mwisho. Bendi inapiga kama inavyopiga Dar es Salaam. Kesi imerudi barazani, wimbo una nafasi ya kupumua, na Remmy hamtafsirii mtu. Sioni kwamba alishindwa na soko akarudi nyuma. Nasikia mtu aliyefanya jaribio, akalitazama, akachagua.

Baada ya hapo bendi haikufa kwa ugomvi kama bendi nyingi za Nairobi zilivyokufa, kwa kuvunjika na kuzaa majina mapya. Ilipunguzwa polepole na nyakati. Tangu mwaka 1994 Radio One ilikuwa imeanza kurusha matangazo Dar es Salaam, mlango wa redio binafsi ukafunguka, na vijana wakapata muziki wa kigeni saa ishirini na nne, kisha rapu ya Kiswahili, kisha Bongo Flava. Kompyuta moja na kipaza sauti kimoja vikaweza kufanya kazi ya watu kumi na watano. Mashirika yaliyokuwa na bendi yakabinafsishwa au kufilisika. Kumbi zikageuka maduka. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiharusi kikampiga Remmy. Akaokoka, akakata zile nywele ndefu, akaacha dansi, akaimba nyimbo za Injili mpaka alipofariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Waliomshangaa kwa kuhama hawakumsikiliza vizuri zamani. Mtu aliyeanza na Siku ya Kufa alikuwa na mahubiri mdomoni tangu siku ya kwanza.

Sisi wakati huo tulikuwa na vita vyetu: 1996, kisha 1998, kisha makundi ya Mai-Mai ambayo majina yake yalibadilika kila msimu. Redio ziliporwa kwanza, kabla ya mbuzi. Kaseti hazikuwa na thamani kwa mporaji, kwa hiyo baadhi zilibaki, na utulivu uliporudi kidogo zilipatikana katika mabati na vikapu vya watu waliokuwa wamekimbilia msituni. Kisha zikaja simu na kadi za kumbukumbu, na kijana wa Kasongo leo anaweza kubeba Remmy wote mfukoni, zile za Radio Tanzania na zile za Box, bila kujua zipi ni zipi. Mimi hupenda kuwajaribu vijana: nawapigia wimbo wa Kiingereza wa Mambo, halafu nawapigia mmoja wa zamani. Wa kwanza wanatikisa kichwa. Wa pili wanauliza nani huyu, mbona anaongea kama babu.

Kwa hiyo anayetaka albamu ya mwisho ya Super Matimila aandike Sema, 1995, na hatakosea. Anayetaka kujua bendi ilimaliza kazi yake wapi, itambidi atoke kwenye rafu aende barabarani, ile iliyokuwa ikipita Nyangwe, Kabambare, Ujiji, Tabora, hadi bahari. Kwa miaka mingi nimewaonyesha wanafunzi daftari la barabara hiyo, safu ya vilivyotoka na safu ya vilivyoingia, na safu mbili hizo hazikuwahi kugusana: pembe ilikwenda ikawa vinanda vya Ulaya, watu walikwenda wakawa Wamanyema wa mahali pengine. Sauti ya mtoto wa Kindu ilitoka kwa njia hiyohiyo, ikapewa bei pwani, ikapewa bei nyingine Uingereza. Lakini ilirudi Maniema, kwa lugha iliyoondoka nayo, katika kaseti ambazo hakuna kampuni iliyozihesabu. Katika daftari lote ni kitu cha kwanza ninachokijua kilichoandikwa katika safu zote mbili, na kilirudi na thamani kubwa kuliko kilivyotoka.